Kwa nini pua hutofautiana?

SWALI: Kwa nini harufu ya dampo la Pugu Kinyamwezi humkera mkazi mmoja, ilhali jirani yake haisikii sana?

JIBU: Mazoea huchangia, kwani pua inayokaa na harufu ileile huacha kuihisi, lakini sababu nyingine ni jeni za vipokezi vya harufu, yaani protini zilizo kwenye seli za neva ndani ya pua, ambazo hunasa molekuli za hewani na kupeleka taarifa ubongoni. Jeni hizo ziligunduliwa mwaka 1991 na Linda Buck na Richard Axel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana takribani 400 zinazofanya kazi, na nyingine nyingi zaidi zilizokufa katika mageuzi, yaani mabadiliko ya viumbe kizazi hadi kizazi, wakati tembo wa Afrika ana karibu 2,000. Hata hizo 400 hazifanani kwa watu wote: kutokana na tofauti katika jeni iitwayo OR7D4, androstenoni, kemikali iliyomo katika jasho, humnukia mmoja kama mkojo na mwingine haisikii kabisa. Kwa hiyo anayelalamika na asiyelalamika wote husema kweli. Ila pua isiwe kipimo cha usalama, kwa kuwa methani, gesi itokayo kwenye taka zinazooza, haina harufu.