Damu isiyo na maumivu: Onyo kwa mjamzito aliyewahi kupasuliwa

Leo tunawazungumzia akina mama waliokwisha kujifungua kwa upasuaji na sasa ni wajawazito tena.

Kondo la nyuma kwa kawaida hujishika sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi. Mfuko ukiwa na kovu, wakati mwingine kondo hujishika chini, karibu na kovu hilo, likaziba njia ya mtoto. Na lipo kubwa zaidi. Penye kovu, utando unaotenganisha kondo na nyama ya mfuko huwa umeharibika, hivyo kondo huzama ndani kama mizizi, mara nyingine hadi kwenye kibofu cha mkojo. Kondo hilo halibanduki mtoto akishatoka. Likivutwa kwa nguvu, damu humwagika kiasi cha kuua, na mara nyingi madaktari hulazimika kuondoa mfuko wote wa uzazi ili mama apone.

Kila upasuaji huongeza hatari. Utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 30,000, uliochapishwa mwaka 2006, uliwaangalia waliokutwa kondo limeziba njia. Kwa waliokuwa wamepasuliwa mara moja kabla ya mimba hiyo, 11 katika kila 100 kondo lilikuwa limezama. Waliopasuliwa mara mbili, 40. Mara tatu, 61.

Dalili kubwa ni damu nyekundu kutoka ukeni, hasa kuanzia mwezi wa saba, bila maumivu yoyote. Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa kuwa haumwi na damu imekatika yenyewe, mama hudhani ni hedhi, au husubiri mume arudi safari atoe ruhusa. Enyi waume, ruhusa hiyo itoeni leo! Damu ya pili huweza kuzidi ya kwanza. Hukumu ya swala ataulizwa sheikh baadaye; kwanza hospitali, hata usiku. Mama aseme mara afikapo kwamba aliwahi kupasuliwa, na asichunguzwe kwa vidole ukeni kabla ya altrasaundi. Kukandwa tumbo nyumbani pia kuachwe.

Lakini si lazima kungoja damu. Altrasaundi ya mwezi wa tano ikionyesha kondo liko chini, usihangaike mno, kwani kwa wengi hupanda mfuko unapokua. Rudia kipimo wiki ya 32. Likiwa bado limeziba, acheni tendo la ndoa, na mama akae karibu na hospitali kubwa yenye daktari bingwa na akiba ya damu. Kondo lililozama, upasuaji hupangwa mapema, kwa kawaida kati ya wiki ya 34 na 36, kabla uchungu haujaanza. Ndugu na jamaa wasingoje kuitwa siku hiyo. Waende wiki kadhaa kabla wakapime damu na kuchangia.