Rovu na Chumvi ya Nyumbani

Katika nchi za milima twaona mara kwa mara watu wenye uvimbe shingoni, uitwao rovu. Wengine husema ni ugonjwa wa ukoo, wengine hudhani ni laana. Yafaa tujifunze asili yake, maana asiyejua chanzo cha maradhi humlaumu mgonjwa bure.

Mbele ya koo ipo tezi ndogo ambayo haiwezi kufanya kazi yake pasipo iodini, ambayo wengi huiita madini joto. Mvua za miaka mingi huyaosha madini hayo katika udongo wa milimani na kuyachukua hata baharini. Basi mahindi na mboga za huko huyakosa, na mlaji naye huyakosa. Tezi ikipungukiwa hujitahidi mno, ikavimba. Ndiyo sababu rovu limeonekana sana tangu zamani katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kama Njombe na Iringa.

Lakini uvimbe siyo hasara iliyo kubwa. Mama mwenye mimba akipungukiwa sana, ubongo wa mtoto haukui vema tumboni. Huenda akazaliwa bubu au mzito wa akili, wala hakuna dawa ya kumrudishia kilichopotea. Hata upungufu mdogo waweza kumwondolea mtoto wepesi wa kujifunza, naye shuleni huitwa mvivu.

Uswisi nayo ilikuwa nchi ya rovu. Mwaka 1918 Daktari Otto Bayard alizipa nyumba chache za kijiji cha Grächen chumvi iliyotiwa iodini kidogo sana, na mavimbe yakaanza kunywea. Mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden likaanza kuwauzia watu wake chumvi ya namna hiyo. Na tangu miaka ya 1990 sheria za Tanzania zataka chumvi ya kuliwa itiwe madini joto.

Mbona basi kazi haijaisha? Kwa sababu chumvi ya mawe ipimwayo kwa kopo sokoni mara nyingi haina madini hayo ya kutosha, nayo ndiyo maskini waimuduyo. Tena hata chumvi njema hupoteza nguvu yake nyumbani isipotunzwa. Kwa hiyo tushike mambo manne.

Kwanza, tununue chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Pili, tuiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na moto wa jiko. Tatu, tuitie chakulani kinapokaribia kuiva. Nne, tusiongeze kipimo cha chumvi, maana iliyo nyingi hupandisha shinikizo la damu. Iodini ambayo mtu huhitaji katika maisha yake yote haijazi kijiko kimoja cha chai.

Aliye na rovu kubwa tayari asitegemee chumvi peke yake, bali aende hospitali.

Ninyi walimu wa vijiji, mkimzuru mama mwenye mimba, ulizeni habari za chumvi yake, wala msimwaibishe kwa umaskini wake. Na kila ajuaye kusoma amsomee pakiti jirani yake asiyejua.