Dondoo Muhimu: Kwa Miguu Kutoka Seaford Hadi Eastbourne
Ukiazimia matembezi haya ya pwani ya kusini mwa Uingereza, yapatayo kilomita 22, ni aula ushuke garimoshi Seaford, ambako hufikwa kwa kubadili gari Lewes, na urejee London kutoka Eastbourne, kwani pepo za huko aghalabu huvuma toka kusini-magharibi, na ni heri upepo ukusukume mgongoni kuliko kukupiga usoni kutwa nzima. Mto Cuckmere usiuvuke mlangoni, hata maji yakionekana haba. Ufuate ukingo wake hadi daraja la Exceat, ndipo urudi baharini kuvikabili vilima vya Seven Sisters, ambavyo, wallahi, huyachosha magoti zaidi katika kushuka kuliko kupanda. Magenge yale ni ya chaki tupu, laini hata ukiigusa huacha weupe kiganjani, nayo humeguka ghafla bila ya ilani. Basi kaa mbali na ukingo wake, wala usipumzike chini yake. Birling Gap pana mkahawa: jaza chupa yako hapo kabla ya kupanda Beachy Head, mita 162 juu ya bahari.