Kabla Hujanunua Betri ya Boti

Betri ya boti ikifa, wengi huibeba hadi dukani na kuomba "nyingine kama hii". Hapo ndipo pesa hupotea, kwani huenda hata ya kwanza haikuifaa kazi yake.

Kazi zenyewe ni mbili. Kupiga stata hutaka umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha betri hupumzika na kuchajiwa. Kuwasha taa usiku kucha, pamoja na redio na pampu ya kufua maji ya ngama, hutaka umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi ya kwanza: sahani zake za risasi ni nyembamba na nyingi, hutoa nguvu kwa mpigo. Ukiinyonya hadi chini kila usiku, haitachukua muda mrefu kabla haijaacha kushika chaji. Ile inayoitwa betri ya sola ina sahani nene, nayo huvumilia kunyonywa. Mvuvi wa dagaa aliyeacha karabai akahamia taa za LED anahitaji hiyo, hata muuzaji amsifie vipi betri ya gari ya N70.

Kama mashine yako huwashwa kwa stata, weka betri mbili, moja iwe ya stata tu. Taa zikimaliza chaji usiku wa manane, mashine bado itawaka na watu watarudi nyumbani. Kwangu mimi hili ni suala la usalama, wala si anasa.

Ukubwa unatokana na hesabu. Tuseme una taa nne za wati 10, zinawaka saa 8: hizo ni wati-saa 320. Gawanya kwa volti 12, unapata kama ampea-saa 27. Ongeza 9 za redio na pampu, zinakuwa 36. Betri ya risasi isishuke chini ya nusu, kwa hiyo zidisha kwa mbili: 72. Kwa kuwa betri huzeeka, nunua ya 100.

Kisha jiulize chaji itarudi vipi. Mashine nyingi ndogo za nje hutoa ampea chache tu, na zile za kuvuta kamba mara nyingi hazichaji kabisa. Kwa ampea 6, kurudisha 36 ni zaidi ya saa sita za mwendo. Usipokuwa na paneli ya sola au chaja nchi kavu, betri nzuri itakufa kwa njaa.

Betri ya maji ni rahisi, lakini boti ikiyumba humwaga asidi, na maji ya bahari yakiingia ndani hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Ukiweza, nunua ya AGM, yaani iliyofungwa isimwage asidi. Lithiamu ni nyepesi na unaweza kutumia hadi asilimia 80 ya chaji yake, ila inataka chaja yake. Usiiunge moja kwa moja kwenye mashine: kinga yake ya ndani ikikata ghafla inaweza kuunguza mfumo wa kuchaji.

Dukani nenda na mita. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, iache. Uliza tarehe ya kutengenezwa. Zinyanyue mbili zilizoandikwa ampea-saa sawa na za aina moja: nyepesi sana ina risasi kidogo, hata lebo idai nini. Na kama ulikuwa na mbili zilizoungwa pamoja, badilisha zote, maana kuukuu huivuta mpya chini.

Namba ya CCA, yaani ampea za kupiga stata kwenye baridi, hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri; kwetu pwani adui ni joto. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Iweke mbali na mashine, kivulini, ndani ya sanduku lenye matundu, kwa sababu haidrojeni inayotoka wakati wa kuchaji hulipuka kwa cheche. Ifunge kwa mkanda, weka fyuzi karibu na kichwa cha chanya, paka grisi vichwa vyote.

Ile ya zamani mpelekee mnunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima. Usimwage asidi yake ufukweni.