Majina na Maandishi katika Barabara ya Samora, Dar es Salaam

Historia ya barabara hii kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata majina yake. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani Chini ya Migunga. Waingereza waliibakiza migunga, wakabadili lugha tu: Acacia Avenue. Baada ya 1961 ikawa Independence Avenue, na hatimaye ikapewa jina la Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichoasisiwa mjini humo mwaka 1962. Itaonekana kwamba majina matatu ya mwanzo hayana neno hata moja la Kiswahili. Uhuru wenyewe ulitajwa hapa kwa Kiingereza!

Hata hivyo, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuandikwa katika barabara hiyo tangu 1927, kwenye Sanamu ya Askari, inapokutana na Mtaa wa Azikiwe. Hapo awali palisimama sanamu ya gavana Hermann von Wissmann, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Maneno ya Kiingereza ya ukumbusho huu yalitungwa na Rudyard Kipling. Ya Kiswahili yameandikwa mara mbili, kwa herufi za Kiarabu na kwa herufi za Kirumi. Wapita njia, na baadhi ya wanafunzi wetu pia, huyaita yale ya herufi za Kiarabu "Kiarabu". Huko ni kuchanganya lugha na hati, kosa ambalo limetupotezea mengi katika utafiti wa maandishi ya kale. Mwaka wenyewe nao una uzito. Mkutano wa Mombasa ulioiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji ulifanyika 1928, na Kamati ya Lugha ikaundwa 1930, ikishughulikia tahajia ya Kirumi peke yake. Ukumbusho ulitangulia, ulimzingatia bado msomaji aliyefunzwa katika vyuo vya Kurani sawa na yule wa shule.

Maandishi hayo yanawataja wapagazi wa vita, ilhali shaba inamwonyesha askari mmoja tu. Anayewatafuta wapagazi hana budi aifuate barabara hadi Mnara wa Saa, kisha avuke Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo. Jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi chao. Katika neno la pili la Kiingereza, herufi mbili za mwisho hazitamkwi, na katika Kariakoo hazimo. Waliolikopa, basi, walilisikia likitamkwa, hawakulisoma popote.