Dawa Yenye Shabaha: Ilijaribiwaje kwa Watoto?



Katika Bayolojia tunafundishwa kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 46. Tunazichora, tunazihesabu, mtihani ukipita tunazisahau. Leo nimeona nizirudie, maana kuna watoto ambao uhai wao umetegemea kromosomu mbili tu, ya 9 na ya 22.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Lukemia ni saratani ya damu. Uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, ndio kiwanda cha damu. Mtoto akishikwa na lukemia ya ghafla, kiwanda hicho hutoa chembe nyeupe changa zisizokomaa, nyingi kupita kiasi, mpaka chembe nyingine zikakosa nafasi. Mtoto anapauka, anachoka, anatokwa na damu puani, na homa haimwishi. Siku hizi huko Ulaya na Marekani wengi wa watoto hawa hupona kwa dawa kali za saratani.

Lakini kuna kikundi kidogo, kama watoto 3 hadi 5 katika kila 100 wenye aina ya limfu, ambao dawa hizo peke yake zilikuwa haziwafai sana. Hawa wana kile kiitwacho kromosomu ya Philadelphia. Jina hilo latokana na mji wa Marekani ambako mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford waliona, katika damu ya wagonjwa wa lukemia, kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley, akiwa Chicago, akaonyesha chanzo chake. Kumbe kipande cha kromosomu ya 22 kimebadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 9! Mahali vinapoungana hutokea protini mpya ambayo kazi yake ni kuiamuru seli igawanyike, igawanyike tena, bila kupumzika.

Haya, dawa ya imatinib inaingilia wapi? Sisi wa bweni tunajua kufuli la sanduku. Mtu mtundu akivunjia kijiti cha kiberiti ndani ya tundu, ufunguo hauingii hata ukilia. Protini ile mbaya nayo ina tundu lake, na ufunguo wake ni ATP, ile inayobeba nguvu ndani ya seli. Imatinib huingia ikakaa katika tundu hilo. ATP ikija inakuta pamejaa, na amri ya kugawanyika inakatika. Ndiyo maana naiita dawa yenye shabaha. Zile dawa nyingine hupiga kila seli inayogawanyika upesi, hata za nywele, na ndiyo sababu wagonjwa hunyonyoka.

Mwaka 2001 Marekani iliruhusu imatinib kwa watu wazima wenye lukemia ya muda mrefu. Swali likabaki: je, mtoto mwenye lukemia ya ghafla? Mtoto kama huyo alikuwa akitafutiwa mtu wa kumpa uboho, hasa ndugu wa tumbo moja anayelingana naye. Na kupandikizwa uboho si mchezo. Wapo waliokufa kwa matibabu yenyewe.

Hapo ndipo kundi la hospitali liitwalo Children's Oncology Group lilipofanya jaribio, kuanzia 2002 hadi 2006. Kwa kawaida dawa hujaribiwa kwa kura: hawa wanapewa, wale hawapewi, kisha wanalinganishwa. Lakini watoto wa aina hii ni wachache mno, hata ukikusanya wa nchi nzima. Basi wagonjwa kama 90 hivi wakagawanywa katika makundi 5, wote wakipewa pia dawa kali za kawaida. Kundi la kwanza lilipewa imatinib kwa siku 42 tu. Ilipoonekana hakuna madhara makubwa ya kuwazuia, kundi lililofuata likaongezewa siku, mpaka kundi la 5 likafika siku 280 mfululizo.

Matokeo yalitolewa mwaka 2009 na Kirk Schultz wa Vancouver, Kanada, pamoja na wenzake. Katika kundi la 5, baada ya miaka 3, watoto 80 kwa 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Wale wa zamani, kabla ya imatinib, walikuwa 35 kwa 100. Ajabu zaidi, waliotumia tembe na dawa kali bila kupandikizwa uboho hawakuwa nyuma ya waliopandikizwa.

Usishangilie upesi, msomaji. Walilinganishwa na watoto wa miaka ya nyuma, na huenda mambo mengine ya hospitali pia yalikuwa yamekuwa bora. Tena kundi lilikuwa dogo. Wakaendelea kungojea, na taarifa ya 2014 ikasema kwamba baada ya miaka 5, wale wasiopandikizwa waliokuwa salama walikuwa kama 70 kwa 100. Imeshuka, ndiyo, lakini waliopewa uboho wa ndugu walikuwa 65. Mimi nawasifu kwa kuirudia hesabu yao wenyewe hadharani. Mwaka 2013 Marekani iliruhusu imatinib kwa watoto hawa.

Kura yenyewe ilikuja baadaye, huko Uchina. Kati ya 2015 na 2018 watoto 189 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine imatinib, wengine dawa mpya zaidi, dasatinib. Baada ya miaka 4, waliokuwa salama walikuwa 71 kwa 100 kwa dasatinib na 49 kwa imatinib. Safari hii hakuna aliyenyimwa dawa yenye shabaha. Kura ilikuwa kati ya mbili.

Swali la mjadala wa chama: Lau ungekuwa daktari mwaka 2002, na mzazi amesimama mbele yako, ungekubali mtoto wake apigiwe kura ya kupewa au kunyimwa imatinib? Toa sababu zako.