Setilaiti na Ushahidi wa Jembe

Katika toleo hili napenda kueleza jambo moja la elimu ya dunia ambalo wengi hulisikia lakini wachache hulichungua.

Siku hizi mtu akiambiwa kwamba kitu fulani kimepimwa na setilaiti, huona kuwa maneno yamekwisha. Chombo kiko juu sana, hakina ndugu wala jirani wa kupendelea, hakichoki wala hakilali; basi kitasemaje uongo? Lakini wataalamu wenyewe waliokitengeneza hawasemi hivyo. Wao hukitumaini chombo baada tu ya kukilinganisha na vipimo vilivyochukuliwa chini, kwa mikono ya watu, katika udongo, theluji, barafu na bahari. Kazi hiyo ya kulinganisha ndiyo habari yangu ya leo, na mwishoni nitaeleza kwa nini yatuhusu sisi wa Uganda na jirani zetu.

CHOMBO HUONA NINI?

Kila kitu chenye joto, hata barafu, hutoa mawimbi ya jamii moja na mawimbi ya redio. Yale yenye urefu kati ya milimita 1 na sentimita 30 hivi huitwa maikrowevu. Macho yetu hayayaoni. Faida yake ni kwamba yale marefu hupita mawinguni bila shida, nayo hupimwa usiku sawasawa na mchana.

Vyombo vya kuyapima ni vya namna mbili. Radiometa husikiliza tu: hupokea mawimbi yatokayo ardhini na kupima nguvu yake. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe, kisha hungoja mwangwi.

Sasa angalieni sana jambo hili. Radiometa haioni maji ya udongoni, wala kina cha theluji, wala chumvi ya bahari. Inachopima ni nguvu ya mawimbi, basi. Hayo mengine hupatikana kwa hesabu. Ni kama mtu anayegonga pipa ili ajue maji yamefika wapi: anachosikia ni mlio, maji anayakisia. Akitaka kujua kama kisio lake ni sawa, hana budi kufunua pipa na kutumbukiza kijiti. Nasi twende tukaone jinsi pipa linavyofunuliwa mahali mbalimbali.

UDONGO

Udongo mkavu hutoa mawimbi kwa nguvu, na udongo uliolowa hutoa kidogo. Kwa tofauti hiyo kiasi cha maji huweza kuhesabiwa. Setilaiti ya Ulaya iitwayo SMOS ilirushwa Novemba 1, 2009 kwa saa za Amerika, yaani Novemba 2 huko Ulaya na kwetu. Na ile ya Marekani iitwayo SMAP ilirushwa Januari 31, 2015. Zote mbili husikiliza mawimbi yenye urefu wa sentimita 21 hivi, yatokayo katika sentimita 5 za juu za udongo. SMAP ilikuwa na rada pia, lakini rada hiyo ilikufa Julai 2015, ikabaki radiometa.

Je, udongo hupimwaje kwa mkono? Kazi hii hata sisi twaiweza. Chukua kopo ambalo ujazo wake waujua, tuseme sentimita za ujazo 500. Lizamishe katika udongo mpaka lijae bila kuushindilia, kisha upime uzito. Tuseme udongo peke yake una gramu 780. Utie katika tanuri lenye joto la digrii 105 kwa muda wa saa 24, kisha upime tena. Tuseme sasa ni gramu 655. Gramu 125 zilizopotea ni maji, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Gawanya 125 kwa 500, utapata 0.25. Maana yake ni kwamba robo ya ujazo wa udongo ule ilikuwa maji. Waliotengeneza SMOS na SMAP walijiwekea sharti kwamba kosa la chombo, kwa kawaida, lisizidi 0.04 katika hesabu ya namna hii.

Lakini hapa pana shida kubwa. Kopo lako limepima mahali panapotosha nyayo mbili. Setilaiti husoma kwa mara moja eneo lenye upana wa kilomita 40 hivi, kama toka Kampala mpaka Entebbe. Ndani ya eneo kama hilo mna vilima, mabwawa, migomba, mabati ya nyumba na lami. Katika darasa letu tulijaribu kuchimba mahali sita siku moja, toka kilimani penye changarawe mpaka bondeni karibu na kijito. Udongo wa bondeni ulikuwa na maji zaidi ya mara mbili ya ule wa kilimani, na mwendo wenyewe ni wa dakika kumi tu! Basi kopo gani ndilo lenye haki ya kuisahihisha setilaiti?

Jibu ni kwamba si kopo moja, bali mengi. Katika bonde la Walnut Gulch huko Arizona, Little Washita huko Oklahoma, na Yanco huko Australia, wataalamu wamefukia vipimo vingi vya umeme ambavyo huandika maji ya udongo saa kwa saa. Vipimo hivyo navyo husahihishwa kwa udongo uliochimbwa na kukaushwa tanurini. Kisha hupatikana wastani wa eneo zima, na wastani huo ndio unaolinganishwa na neno la setilaiti. Katika Afrika vituo vya namna hii ni vichache. Vya Niger na Benin vimetumika katika kazi hiyo.

Yako pia mambo yanayokiziba chombo masikio. Msitu mnene hutoa mawimbi yake wenyewe na kuficha yale ya udongo. Tena, mawimbi ya megahezi 1400 mpaka 1427 yametengwa kwa sheria ya mataifa yote, mtu asitangaze humo. Walakini SMOS ilipoanza kazi ilisikia kelele za mitambo ya watu katika nchi nyingi. Ilibidi serikali ziandikiwe ili mitambo hiyo izimwe au itengenezwe.

THELUJI

Katika nchi za baridi watu hutaka kujua theluji ikiyeyuka itatoa maji kiasi gani, maana ndiyo yajazayo mito, nayo huweza kuleta mafuriko. Kina peke yake hakitoshi. Theluji ya mita 1 iliyoanguka sasa hivi huweza kutoa maji ya milimita 100 tu, na iliyokaa muda mrefu ikashikamana huweza kutoa milimita 400.

Chembe za theluji kavu hutawanya mawimbi yatokayo ardhini, na mawimbi mafupi hutawanywa zaidi kuliko marefu. Kwa hiyo chombo hulinganisha mawimbi ya sentimita 1.6 na ya sentimita 0.8 hivi. Tofauti ikiwa kubwa, theluji ni nyingi. Lakini chembe zikiwa kubwa tofauti huongezeka pia, ingawa theluji haikuongezeka! Na theluji ikianza kulowa, maji hutoa mawimbi yake na hesabu huvurugika.

Ndiyo sababu huko Sodankylä, kaskazini mwa Ufini, radiometa zimewekwa juu ya mnara zikitazama theluji, na watu huchimba mashimo karibu nao wakapima ukubwa wa chembe, joto na uzito wa kila tabaka. Njia ya zamani nayo haijatupwa: bomba husimikwa katika theluji mpaka ardhini, likatolewa pamoja na theluji iliyomo, likapimwa kwa mizani.

BARAFU

Barafu ya baharini hutoa maikrowevu kwa nguvu kuliko maji ya bahari, basi huonekana wazi hata katika giza la miezi mingi ya Ncha ya Kaskazini. Tangu mwaka 1978, ilipoanza kazi setilaiti Nimbus-7, eneo la barafu limekuwa likipimwa. Septemba 2012 barafu ya kaskazini ilipungua mpaka kilomita za eneo milioni 3.4 hivi, nacho ndicho kiasi kidogo kuliko vyote tangu vipimo hivyo vianze.

Hata hapa chombo hudanganyika. Wakati wa kiangazi vidimbwi vya maji hutokea juu ya barafu, na radiometa huvidhania kuwa bahari tupu. Kwa hiyo watu huenda kushuhudia kwa ndege na meli. Meli ya Ujerumani iitwayo Polarstern iliachwa ishikwe na barafu toka vuli ya mwaka 2019, ikaelea nayo, na safari ikamalizika Oktoba 2020. Wataalamu walishusha radiometa juu ya barafu yenyewe, wakapima palepale walipokuwa wakichimba.

Unene wa barafu hupimwa na setilaiti CryoSat-2, iliyorushwa Aprili 8, 2010. Rada yake hupima barafu imeinuka kiasi gani juu ya maji. Lakini barafu huonyesha sehemu moja tu katika kumi hivi, na zilizobaki zimezama. Kwa hiyo kosa la sentimita 1 juu huwa sentimita 10 katika unene. Mashahidi wake ni keekee na utepe: mtu hutoboa tundu, akashusha utepe, akasoma.

BAHARI NA ZIWA

Chumvi ya bahari hubadili kidogo nguvu ya mawimbi, na SMOS huipima. Mashahidi ni maboya ya Argo, karibu 4,000 duniani kote, ambayo huzama mpaka mita 2,000 na kurudi juu kila siku 10 hivi. Lakini setilaiti huona sentimita 1 tu ya juu, na boya kwa kawaida husoma mita chache chini. Mvua ikinyesha, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi; hapo wawili hawa watatofautiana na wote wawili wakawa wakweli. Basi kulinganisha hutaka akili, si kutoa hesabu tu.

Mfano mzuri kuliko yote ni ule wa usawa wa bahari. TOPEX/Poseidon, setilaiti ya Marekani na Ufaransa, ilirushwa Agosti 10, 1992, ikapima bahari kwa rada toka kimo cha kilomita 1,336. Kila siku 10 hivi ilipita juu ya jukwaa la mafuta liitwalo Harvest, karibu na pwani ya California, ambako vipimo vya maji viliisubiri. Vipimo vya chombo havikupatana na vya chini. Wataalamu walipotafuta sababu, mwaka 1996 walivumbua kosa katika programu ya kompyuta iliyosahihisha saa ya chombo. Kosa hilo lilikuwa likifanya bahari ionekane inapanda upesi kuliko kweli. Leo twajua kwamba tangu 1993 bahari imepanda kwa wastani wa milimita 3 na kitu kila mwaka. Kwa watu wa Mombasa, Unguja na Lamu hilo si jambo dogo, nao wana haki ya kupewa hesabu iliyosahihishwa.

Rada za namna hiyo husoma pia Ziwa Viktoria. Mwaka 2020, maji yalipofurika nyumba na magati, yalifikia alama ya mwaka 1964, mita 13.41 katika kipimo cha Jinja. Msidhani hicho ni kina cha ziwa! Ni urefu toka sifuri ya kipimo kile. Setilaiti ina sifuri yake nyingine, kwa hiyo kwanza sifuri mbili hulinganishwa. Na alama ya 1964 twaijua kwa sababu mtu alikwenda akaisoma na kuiandika, miaka 28 kabla ya TOPEX kurushwa.

NENO LANGU

Ndugu zangu, wazee wetu walisema, usiandikie mate na wino ungalipo. Setilaiti haikuja kumwondoa mtu mwenye daftari, imemwongezea kazi. Vipimo vya udongo toka angani hutumika katika kuangalia dalili za ukame na njaa. Vikikosea katika nchi yenye vituo vingi, kosa litajulikana upesi. Vikikosea katika nchi isiyoandika kitu, nani atavikanusha? Mkulima ataambiwa shamba lake lina maji, naye aona mahindi yanakauka, lakini hana karatasi ya kuonyesha.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu tunaosoma kipimo cha mvua cha shule kila saa tatu asubuhi: tusiruke siku, wala tusijaze likizo kwa kubuni. Siku isiyosomwa iachwe tupu, maana tarakimu ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu. Na ninyi mliotutangulia, mlio walimu, mabwana shamba, na watumishi wa maji na bandari, yatunzeni madaftari ya zamani yaliyo makabatini mwenu, yasiliwe na mchwa. Mwenye daftari la miaka 40 ya mvua ana ushahidi ambao hakuna chombo kinachoweza kurudi nyuma kuuchukua.